Sniper Elite 5, Contracts 2 au Arma 3: ipi ikufae ukitaka udunguaji wa kweli?

Chukua risasi moja tu uitazame kwa makini. Mtu amesimama mita 600 kutoka ulipojilaza. Upepo wa wastani unavuma kutoka kushoto. Bunduki yako ni ya milimita 7.62, ya aina ambayo risasi hutoka kwenye mtutu kwa kasi ya karibu mita 790 kwa sekunde, na darubini umeiseti kwa mita 100. Ukilenga kifua bila kubadili chochote, hadi kufika umbali huo risasi inakuwa imeshuka kiasi cha mita 3. Yaani kwenye uwanda tambarare itachimba udongo kabla hata ya kumfikia. Upepo nao utakuwa umeisukuma pembeni karibu mita nzima. Safari yote huchukua kama sekunde moja, na kama mtu huyo alikuwa anatembea, ndani ya sekunde hiyo ameshasogea zaidi ya mita moja.

Gemu zote za wadunguaji hujisifu kwa uhalisia. Nimezicheza nyingi kwa miaka mingi, na nilipochoka kusoma sifa zilizoandikwa kwenye majalada nilianza kujiuliza swali moja tu kila ninapofungua gemu mpya: hesabu hiyo ya mita 600 anaifanya nani, mimi au kompyuta? Picha zinaweza kuwa nzuri kupindukia, nyasi zikayumba, damu ikaruka, lakini kama gemu ndiyo inayokufanyia hesabu, wewe umebaki mbonyezaji wa kipanya. Kwa hiyo hapa nazilinganisha gemu tatu ambazo watu huniuliza zaidi, kwa risasi ile ile moja, halafu kwa yale yanayotangulia risasi na yanayoifuata.

Risasi ile ile mara tatu

Sniper Elite 5 ilitoka Mei 2022, kazi ya Rebellion, kampuni ya Oxford, Uingereza. Unakuwa Karl Fairburne katika Ufaransa ya mwaka 1944, siku za kuvamiwa kwa pwani ya Normandy. Ukiicheza kwa ugumu wa chini, risasi ya mita 600 haina shida yoyote. Unaweka jicho kwenye darubini, unabana pumzi, na alama nyekundu inatokea kukuonyesha pale pale risasi itakapotua. Unasogeza alama hadi kichwani, unafyatua, basi. Mvuto wa dunia upo, upepo upo, lakini gemu imeshavipigia hesabu kabla yako.

Ukipandisha ugumu hadi ngazi ya juu kabisa, inayoitwa Authentic, mambo hugeuka. Alama nyekundu inaondoka, na maandishi yote ya msaada kwenye skrini yanaondoka nayo. Unabaki na mistari ya darubini, macho yako, na kumbukumbu ya risasi ulizokosa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba si lazima uchukue ugumu wote kwa mkupuo mmoja. Mipangilio inakuruhusu kutenganisha tabia ya risasi na ukali wa maadui. Mimi huweka risasi kwenye uhalisia wote na maadui kwenye ngazi ya kati, na naamini hapo ndipo gemu hii ilipokusudiwa kuonjwa vizuri. Hata hivyo ukweli usemwe: ramani zake ni za vijiji, makasri, viwanda na ngome, na mara nyingi utafyatua kwa mita mia mbili au tatu. Risasi ya mita 600 ipo, lakini unaitafuta wewe. Haikufuati.

Sniper Ghost Warrior Contracts 2 ilitoka Juni 2021, imetengenezwa na CI Games ya Warsaw, Poland. Hapa ndipo umbali unapokuwa kiini cha mchezo. Uko Kuamar, nchi ya kubuni ya Mashariki ya Kati, na baadhi ya ramani hazikuruhusu kabisa kuikaribia kambi ya adui. Unapanda hadi kwenye ukingo wa mlima, unalala, na kambi nzima iko ng'ambo ya bonde, zaidi ya kilomita moja mbele yako. Kwa kulinganisha, mita 600 hapa ni karibu.

Hesabu katika Contracts 2 mnagawana na gemu. Kwanza unampima mtu kwa darubini ya mkononi ujue umbali. Kisha unaiseti darubini ya bunduki kwa umbali huo. Ndani yake kuna mstari unaoteremka na kupinda upande upepo unakoisukuma risasi, na kazi yako ni kusoma mahali mstari unapokutana na umbali uliouweka, halafu kukiweka hapo kifua cha mtu. Ni njia ya werevu. Inakufundisha kwamba risasi hainyooki, kwamba upepo una deni lake, bila kukulazimisha kushika kalamu. Lakini mstari ule hausemi uongo hata siku moja, na hapo ndipo ninapoona pengo. Mdunguaji wa kweli hana mstari usiokosea. Anakisia upepo ulioko katikati ya bonde kwa kutazama moshi, nyasi na vumbi, na anajua kwamba upepo unaompiga shavuni si lazima uwe ule unaovuma kule mbele.

Halafu iko Arma 3 ya Bohemia Interactive, kampuni ya Jamhuri ya Czech, iliyotoka Septemba 2013. Hii si gemu ya wadunguaji. Ni gemu ya vita nzima: magari, helikopta, askari wa miguu, na kisiwa cha Altis chenye kilomita za mraba 270, kilichochorwa kwa mfano wa Lemnos huko Ugiriki. Udunguaji ni kazi moja tu kati ya nyingi ndani yake. Kwa hali inavyokuja, Arma 3 inahesabu mvuto na ukinzani wa hewa, lakini upepo hauigusi risasi. Watu wengi huishia hapo na kusema haina jipya.

Ndipo kinapoingia kiongezo cha bure kinachoitwa ACE3. Kinahitaji kiongezo kingine kidogo, CBA, ili kifanye kazi. Ukishavisakinisha vyote viwili, ingia kwenye mipangilio uwashe sehemu ya balistiki ya hali ya juu, yaani hesabu za mwendo wa risasi hewani, kwa sababu haiji ikiwa imewashwa. Nasisitiza hilo. Nimekutana na watu waliocheza miezi mitatu wakiamini wanapambana na upepo, kumbe swichi ilikuwa imezimwa. Ukiiwasha, risasi inaguswa na upepo, joto la hewa, unyevu, mgandamizo wa hewa, mzunguko wa risasi yenyewe, na hata mzunguko wa dunia.

Sasa ile risasi yetu ya mita 600 ndani ya Arma 3 iko hivi. Unatazama kwenye darubini yenye vipimo vya mili. Mili moja ni mita moja kwa umbali wa mita 1,000, au sentimita 10 kwa mita 100. Mtu wa urefu wa mita 1.8 anajaza mili tatu. Unazidisha 1.8 kwa 1,000, unagawanya kwa 3, unapata 600. Unafungua jedwali la bunduki yako na kuona kwamba umbali huo unadai mili 5 na ushei. Unazungusha kitufe cha juu cha darubini, kila mbofyo ni sehemu moja ya kumi ya mili, kwa hiyo ni mibofyo hamsini na kitu. Unatoa kipima upepo, unakishika dhidi ya hewa, unasoma namba, unaamua usogee mili ngapi pembeni. Unabana pumzi. Unafyatua. Unasubiri sekunde moja, na sekunde hiyo ni ndefu kuliko unavyodhani.

Nitasema wazi kuwa hakuna gemu nyingine kati ya hizi iliyonipa furaha ile ya kuona mtu wa kadibodi akianguka kwa hesabu niliyoifanya mwenyewe kwenye karatasi. Na hakuna iliyonidhalilisha kama hiyo pia. Usiku mmoja mimi na rafiki yangu tulilala juu ya kilima kule Altis tukimvizia ofisa aliyekuwa mita 870. Nilishazungusha darubini kwa umbali huo. Ofisa akaingia ndani ya jengo. Baada ya dakika kadhaa doria ikatokea chini yetu, mita 400 hivi, ikija upande wetu. Nikalenga, nikafyatua, risasi ikapita zaidi ya mita mbili juu ya kichwa cha wa kwanza. Nilikuwa sijairudisha darubini. Rafiki yangu alinong'ona neno moja tu, "Mibofyo," na tukaanza kukimbia. Tangu siku hiyo kila nikimaliza kufyatua, mkono wangu unaenda wenyewe kwenye kitufe cha kuirudisha, hata nikiwa nacheza gemu isiyo na kitufe hicho.

Kabla ya risasi

Kiswahili kimempa mtu huyu jina linalofaa: mdunguaji, anayeangusha kitu kilicho juu au mbali, kama anayetungua tunda kwenye tawi lisilofikiwa na mkono. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake si kuangusha. Ni kulala kifudifudi na kutazama. Kwa hiyo kipimo changu cha pili ni jinsi gemu inavyokichukulia kile kipindi cha kungoja.

Sniper Elite 5 inakijaza vizuri. Ramani zake ni pana, njia ni nyingi, na kila eneo lina kitu cha kugundua. Kisiwa cha misheni ya tatu, chenye mji uliopanda mlima hadi kwenye abasia kileleni, nimekizunguka mara nne na bado kuna vichochoro nilivyovikuta mara ya mwisho tu. Unaweza kuvuruga jenereta ili kelele zake zifunike mlio wa bunduki yako, au usubiri ndege ipite juu. Unaweza kufunga kizuia sauti na kutumia risasi zinazokwenda chini ya kasi ya sauti, ambazo hazipigi ule mlio mkali angani lakini hushuka haraka zaidi. Hicho ndicho kipengele ninachokipenda zaidi katika gemu hii, kwa sababu kinakulazimisha uchague: ukimya au umbali. Huwezi kupata vyote.

Mapigo ya moyo nayo yamo. Ukikimbia kupanda ngazi za mnara ukalala moja kwa moja na kutaka kufyatua, darubini inacheza na pumzi haibaniki. Unapaswa kutulia kwanza. Ni jambo dogo, lakini linamfanya mtu apange: nifike mapema, nipumzike, ndipo nitazame.

Contracts 2, kwenye zile ramani za masafa marefu, ina raha ya aina nyingine. Unaitazama kambi kama fundi saa anavyotazama saa iliyofunguliwa. Nani anapita wapi, nani akiondoka hatatafutwa, kontena lipi limening'inizwa juu ya njia. Ukilipiga linaanguka. Maadui wanakwenda kutazama, na aliyekuwa amejificha anatoka. Ni fumbo zaidi kuliko vita, na fumbo zenyewe ni nzuri. Udhaifu wake ni kwamba ukishalijua jibu, kurudia hakuna mshangao mwingi, ingawa gemu inakupa changamoto za ziada ili urudi.

Arma 3 haikujazii chochote. Unaweza kutembea dakika ishirini, ukalala dakika thelathini, na asitokee mtu. Kwa baadhi ya wachezaji hiyo ni kero isiyovumilika, na siwalaumu hata kidogo. Kwangu mimi ile hofu ya kusikia tawi likivunjika nyuma yako baada ya nusu saa ya ukimya haiwezi kutengenezwa kwa njia nyingine. Gemu inayokupa adui kila dakika mbili haiwezi kukutia hofu hiyo, kwa sababu hukupata nafasi ya kusahau kwamba yupo.

Baada ya risasi

Ukweli wa vita ni kwamba risasi ya kwanza inakufichua. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, risasi ya bunduki ya kidunguzi husafiri haraka kuliko hapo kwa sehemu kubwa ya safari yake. Mtu aliyeko mita 600 husikia kwanza mlipuko mkali wa risasi ikipita hewani, kisha, karibu robo tatu ya sekunde baadaye, ndipo mlio wa bunduki yenyewe unamfikia kutoka ulikotoka. Askari waliozoea hutumia pengo hilo kukadiria umbali wa aliyefyatua.

Arma 3 inalitengeneza pengo hilo. Vaa vifaa vya masikioni, lala kwenye ukuta wa mawe mtu anapokufyatulia kutoka mbali, uhesabu. Mara ya kwanza nilipomtambua mdunguaji mwenzangu mtandaoni kwa kusikia tu, bila kumwona, niliketi nikitabasamu peke yangu. Sniper Elite 5 inalifanya jambo hili kuwa la kuonekana: inakuonyesha mduara wa jinsi mlio ulivyosambaa, na maadui walioko ndani yake wanaanza kukutafuta. Ni rahisi kulielewa na ni la haki, lakini ni ramani, si sikio. Katika Contracts 2 maadui wa mbali wanahangaika wakisikia, wanakimbilia vizuizi, wengine wanakuletea mizinga midogo, lakini sikuwahi kuhisi kwamba wananifikiria. Wanafuata kanuni tu.

Hapa lazima nizungumzie picha ya eksirei, kwa maana ndiyo iliyoipa umaarufu Sniper Elite. Unapofyatua vizuri, kamera inaifuata risasi hadi mwilini na kukuonyesha mifupa ikivunjika na viungo vikipasuka. Contracts 2 nayo ina kamera ya kufuata risasi, yenye damu nyingi. Wapo wanaoipenda. Mimi huipunguza hadi karibu kuizima, na sababu yangu si woga wa damu. Kamera ile inakunyang'anya ile sekunde ya kutojua. Inakuonyesha kwamba umepata kabla hujapata nafasi ya kutilia shaka. Zote mbili zinakuruhusu kuipunguza, na nakuomba ujaribu angalau misheni moja bila hiyo. Na kwa uwazi: gemu hizi zote tatu si za watoto, na Sniper Elite ikiwa na picha zake kamili ni ya mwisho kabisa kuwekwa mbele ya mtoto.

Kuhusu kuwindwa, Sniper Elite 5 ina kitu kimoja kinachozipita zingine. Ukiruhusu, mchezaji mwingine halisi anaweza kuingia kwenye misheni yako akiwa mdunguaji wa upande wa Wajerumani. Ghafla wale maadui wa kompyuta waliokuwa wakitembea kwa ratiba wanakuwa mapazia tu, na nyuma yao kuna mtu mwenye akili kama yako. Kuna simu zimetawanywa kwenye ramani, na ukipiga unaambiwa mpinzani wako alipo. Usiku nilipoingiliwa mara ya kwanza nililala chini ya dirisha moja dakika kumi na mbili bila kusogea. Nilijua kwamba akiona mng'ao wa darubini yangu nimekwisha. Simo Häyhä, yule mdunguaji Mfini aliyepata umaarufu katika Vita vya Majira ya Baridi vya 1939 na 1940, kati ya Ufini na Umoja wa Kisovieti, hakutumia darubini kabisa. Alitumia vilengeo vya chuma vya kawaida, na mojawapo ya faida zake ni kwamba hakuna kioo cha kung'aa juani. Usiku ule nilimwelewa.

Mkiwa wawili

Jeshini mdunguaji huenda na mwenzake anayetazama: mmoja anafyatua, mwingine anapima umbali na upepo na kusema risasi imetua wapi. Arma 3 pamoja na ACE3 ndiyo pekee hapa inayoifanya kazi ya huyo wa pili kuwa ya lazima. Ukiwa na jicho kwenye darubini ya bunduki huoni vizuri risasi ilipochimba, kwa sababu bunduki imeruka. Mwenzako ndiye anayekwambia, "Nusu mili kushoto." Tumetumia jioni nzima tukibadilishana nafasi, na mara nyingi aliyetazama ndiye alikuwa mwerevu zaidi.

Sniper Elite 5 inakubali watu wawili kwenye hadithi nzima, na ni raha kubwa, ila kwa kweli mnakuwa wadunguaji wawili, si jozi. Contracts 2 ni ya mtu mmoja, basi.

Kama kinachokuvuta ni timu, iangalie pia Hell Let Loose ya 2021, vita vya watu 50 dhidi ya 50 katika Vita vya Pili vya Dunia. Ina kikosi maalumu cha watu wawili, mtazamaji na mdunguaji, wanaopenya nyuma ya mistari ya adui. Lakini nafasi hizo ni chache sana katika kila timu na wanaozitaka ni wengi, kwa hiyo usiinunue kwa ajili ya bunduki hiyo peke yake.

Kompyuta yako

Arma 3 ina umri mkubwa kuliko zingine, na wengi hudhani kwa hiyo ni nyepesi. Sivyo. Inaegemea sana kwenye prosesa kuliko kadi ya picha, na vita vikiwa vikubwa hata mashine nzuri huhema. Kuna mpangilio mmoja unaomhusu mdunguaji moja kwa moja: umbali wa kuonekana kwa vitu. Huo ni tofauti na umbali wa kuonekana kwa ardhi. Ukiuacha kwenye mita 700 ili gemu iende haraka, mtu aliyeko mita 900 hachorwi kabisa. Utaona mlima, hutaona adui. Punguza vivuli, punguza ubora wa mawingu, lakini umbali huo usiuguse.

Sniper Elite 5 inataka kompyuta ya miaka ya karibuni na nafasi kubwa kwenye diski, lakini ikishapata inakwenda laini. Kama mashine yako ni ya zamani, rudi nyuma hatua moja: Sniper Elite 4 ya 2017, Italia ya mwaka 1943, ina roho ile ile na haidai kompyuta yenye nguvu kiasi hicho. Aliyeimaliza ya tano akataka zaidi ana Sniper Elite: Resistance ya Januari 2025, yenye mhusika mwingine, Harry Hawker, na mfumo ule ule. Contracts 2 iko katikati: injini yake ni CryEngine, mandhari zake za mbali zinapendeza, na kompyuta ya wastani ya michezo inaimudu.

Kipanya nacho kina neno. Punguza mwendo wake unapotazama kwenye darubini, tofauti na mwendo wa kawaida. Gemu zote tatu zinakuruhusu.

Nani achukue ipi

Kama hujawahi kucheza gemu ya aina hii, au una saa moja tu jioni, chukua Sniper Elite 5. Anza na alama nyekundu ikiwa inakusaidia, na baada ya misheni mbili izime. Usisubiri umalize gemu nzima, kwa sababu mkono uliozoea alama nyekundu ni mgumu kuufundisha upya.

Kama unapenda mafumbo, unacheza peke yako, na kinachokusisimua ni umbali wenyewe, ule wa kufyatua na kusubiri hadi ukajiuliza kama risasi imepotea, Contracts 2 ndiyo yako. Itakuchosha haraka kuliko zingine, lakini saa zake kumi za kwanza ni nzuri sana. Usianze na Ghost Warrior 3 ya 2017. Ile ilijaribu kuwa dunia pana ya wazi na nguvu zake zikatawanyika. Contracts zilipobana ramani ndipo mfululizo ulipojipata.

Na kama uliposoma hesabu ya 1.8 mara 1,000 gawanya kwa 3 uliinama mbele badala ya kuruka aya, usipoteze muda kwingine. Nunua Arma 3, subiri ishushwe bei kama inavyoshushwa mara kwa mara, weka ACE3 na CBA, washa balistiki. Usiingie kwenye seva ya watu siku hiyo. Fungua kihariri cha misheni kilichomo ndani ya gemu, jiweke juu ya kilima cha Altis chenye kuona mbali, panga shabaha kwenye mita 300, 450, 600, 750 na 900, na usisogeze kitu kingine. Chukua bunduki moja tu. Piga risasi tano kwa kila shabaha, na kwa mkono wako andika kwenye karatasi mibofyo iliyofanya kazi, upepo ulivyosoma na saa ya siku ndani ya gemu. Kesho yake badilisha hali ya hewa, rudia. Karatasi yangu ya kwanza bado iko chini ya kibodi, imejaa mikwaruzo, na safu ya mita 750 nimeikata mara tatu.